Milioni tisa niliyoiandika mwenyewe

Hii stori nimekaa nayo muda mrefu. Kila nikitaka kuiandika naanza kupiga hesabu upya na hasira zinarudi, ila wiki iliyopita dada mmoja ofisini kwetu alikuwa anahuisha bima ya gari yake na broka akamwuliza kwenye simu thamani tuweke ngapi, yeye akajibu weka ile ile ya mwaka jana, akakata simu akaendelea na kazi zake. Sekunde kama kumi hivi. Na mimi nilijibu hivo hivo miaka mitatu mfululizo, neno kwa neno, kwa hiyo leo naandika.

Ajali yenyewe ni fupi. Ilikuwa Jumapili jioni mwezi wa nane 2024, natoka Morogoro kwa mama narudi nyumbani Mbezi, nyuma kuna mwanangu na mdogo wangu, kwenye buti kuna mchele, nyanya, na dumu la lita ishirini la mafuta ya alizeti. Tumepita Chalinze salama. Pale Vigwaza karibu na mizani malori yalikuwa yamepanga foleni na sie wa gari ndogo tumebanwa katikati yake tunasogea taratibu, nikasimama, na kwenye kioo nikaona fuso inakuja na haipungui. Ikatugonga nyuma ikatusukuma hadi kwenye semi iliyokuwa mbele. Basi. Dereva wa fuso alishuka anatetemeka anasema breki zimekataa, na mimi nilikuwa namfungua mwanangu mkanda huku mikono haishiki. Tulitoka wote wazima, alhamdulillah, mdogo wangu shingo ilimuuma wiki mbili, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda kituo cha afya Mlandizi wakamwangalia wakamruhusu usiku ule ule.

Gari ilikuwa IST old, ile NCP61 yenye injini ya 1NZ, nilinunua 2019 kwa mkononi shilingi milioni 11.5. Kwa wasioijua Dar, IST ni gari ambayo ukiharibikiwa saa mbili usiku Buguruni utapata fundi na utapata spea, ndo maana bei yake haishuki. Hilo la bei kutoshuka likumbukeni maana ndo kiini cha maumivu yangu yote.

Siku ya pili nilienda kuitoa gari ilipolazwa. Nilifungua mlango wa nyuma ule mmoja uliokubali kufunguka na harufu ya alizeti ikanipiga usoni, dumu lilikuwa limepasuka na mafuta yote yameingia kwenye viti na kapeti, na katikati ya yale mafuta kuna kandambili moja ya mwanangu, ya bluu, mguu wa kushoto. Nikaiokota nikaifuta na kanga. Askari wa ukaguzi alikuja na makaratasi yake akafuta vumbi kwa kidole gumba akawa anasoma namba ya chasisi herufi moja moja na mimi naitikia kutoka kwenye kadi, N, C, P, sita, moja, kama watoto wa shule tunaitana majina, na ndo hapo nililia. Jana yake usiku sikulia.

Sasa karatasi. Nyie mnaoendesha na hamjawahi kudai bima, mjue ya kwamba kuna fomu za polisi, PF 90 na PF 115, kuna ramani ya tukio, kuna ripoti ya ukaguzi wa gari, halafu za kwako, leseni ya dereva, kadi ya gari, na fomu ya madai ya kampuni ambayo unasimulia ajali kwa maandishi yako na kuchora. Ya kwanza niliipata haraka. Ripoti ya mwisho ya polisi ndo ilinila, kwa sababu inatoka baada ya suala la dereva wa fuso kujulikana limeishaje, na mimi nakaa Dar kituo kiko Pwani, kila safari ni nauli na siku nzima ya kazi. Nilienda mara tano. Mara ya tatu nikaambiwa faili liko kwa mkubwa na mkubwa yuko likizo. Sisemi kwa ubaya, walikuwa na kazi nyingi barabara ile haiishi ajali, ila mtu mwenye gari iliyokufa hana la kufanya bila ile karatasi na hakuna anayemwambia itatoka lini.

Jambo ambalo lilinigharimu na lingeweza kuepukika kabisa ni la brekdauni. Usiku ule mtu alikuja na brekdauni yake akanivutia gari kutoka barabarani hadi kituoni, na baadaye hadi Dar, laki tatu jumla, nikamlipa kwenye simu. Kwenye mkataba wa bima yangu kuna kipengele cha kurudishiwa gharama ya kuvuta gari. Nilipoipeleka ile meseji ya malipo nikaambiwa dada hii siyo risiti, tunataka risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Nikampigia yule bwana, hana mashine. Laki tatu ikaenda. Sasa hivi najua, kabla mtu hajafunga mnyororo kwenye gari yako muulize una EFD, hata kama ni usiku na unatetemeka, au piga simu kwanza kwa kampuni yako ya bima wakuletee wa kwao, namba huwa iko kwenye karatasi za bima ambazo wengi tunaziacha nyumbani kwenye droo.

Na hapo hapo kandokando ya barabara nilifanya kitu kimoja cha maana, nilichukua namba ya fuso nikaingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ile TIRA MIS ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuhakiki stika ya bima kwa namba ya gari. Kwenye kioo cha fuso stika ipo, imebandikwa vizuri. Kwenye mfumo bima imeisha miezi miwili nyuma. Kumbuka bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na siyo gari yako, kwa gari binafsi mwaka ule ilikuwa laki moja na VAT yake, 118,000 kwa mwaka, ya magari ya mizigo ilikuwa zaidi lakini siyo hela ya kumshinda mtu mwenye lori. Bima ndogo ni lazima kisheria kwa chombo chochote cha moto kinachotembea barabarani. Huyu hakulipa, na kwa kutolipa kwake mlango mmoja wa mimi kupata haki yangu ukafungwa pale pale, maana ningeweza kwenda kwa kampuni yake kudai yale ambayo ya kwangu hainilipi. Nikabaki na bima yangu kubwa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe.

Bima kubwa. Nilikuwa naringa nayo mjue. Watu wanakata bima ndogo ili trafiki wasiwasumbue, mimi kila mwaka nakata kubwa, asilimia 3.5 ya thamani ya gari na juu yake VAT asilimia 18, na nikawa naona nimejipanga. Mwaka wa kwanza niliandika thamani milioni 11.5 kwa sababu ndo bei niliyonunulia. Mwaka uliofuata broka akasema gari inachakaa dada tuishushe kidogo utalipa kidogo, nikaona ana akili, na ikaenda ikishuka hadi milioni 9, na hapo kwenye 9 ikakaa miaka mitatu. Weka ile ile ya mwaka jana.

Wakati mimi naishusha, sokoni ilikuwa inapanda. 2023 dola ikawa ngumu kupatikana, shilingi ikashuka, gari za kuagiza Japani zikapanda na zile za mkononi zikapanda nazo kwa sababu mtu akishindwa kuagiza anarudi kutafuta hapa hapa. IST kama yangu, iliyotunzwa, ilikuwa inauzwa milioni 13 mwezi ule nilipopata ajali. Ninayo hiyo bei kwa sababu baadaye niliikusanya tangazo kwa tangazo, nitafika.

Asesa, yule mkaguzi wa uharibifu anayetumwa na kampuni ya bima, alikuja gereji wiki ya tatu. Kijana mpole, anapiga picha, anaingia chini, anagonga nguzo kwa kifundo cha kidole anasikiliza. Gereji ikatoa makadirio ya matengenezo, milioni 6.2, nyuma yote, mbele, rejeta, eabegi mbili, rangi, na kunyoosha. Fundi wangu ambaye ananitengenezea tangu 2019 aliangalia yale makadirio akasema shemeji hii gari inarudi barabarani, chasisi haijaguswa pabaya, spea mtumba Ilala zipo, inarudi. Na mimi nikalala na matumaini hayo siku kumi.

Siku ya kumi na moja nikapigiwa simu, gari imefutwa, ni hasara kamili, wenyewe wanasema totolosi. Nikauliza kwa nini na fundi anasema inatengenezeka. Yule dada wa madai kule, na huyu namshukuru kwa sababu alinielewesha bila haraka, akaniambia mkataba wako unasema matengenezo yakizidi asilimia 60 ya thamani gari inafutwa, na thamani ni ile uliyokatia bima au bei ya soko, ndogo kati ya hizo mbili. Milioni 6.2 kwa 9 ni karibu asilimia 69.

Nilikata simu nikachukua kalamu. Milioni 6.2 kwa 13 ni asilimia 48 hivi.

Nilikaa na ile karatasi mezani hadi chai ikapoa. Yani kama ningeandika thamani ya kweli ya gari yangu, gari ingetengenezwa. Ningekuwa naiendesha hii IST yangu hadi leo. Mimi siku zote nilidhani ukiandika thamani ndogo hasara yake ni kwamba siku ikifa utalipwa kidogo, hilo nilikuwa nalijua kwa mbali na nililikubali. Sikujua kwamba ukiishusha thamani unaifanya gari ife mapema, gonga ambalo lingekuwa la gereji linakuwa la kuzikia. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikusoma. Asilimia hiyo inatofautiana kampuni na kampuni, wengine wana 50 wengine zaidi, iko ndani ya mkataba kwenye ukurasa ambao hatuufungui, ila mtindo wa hesabu ni huo.

Na nikapiga hesabu nyingine ambayo inaniuma zaidi. Kwa thamani ya milioni 9 nilikuwa nalipa 371,700 kwa mwaka pamoja na VAT. Kwa milioni 13 ningelipa 536,900. Tofauti ni 165,200 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, na hapo nimechukulia bei ilikuwa 13 muda wote wakati haikuwa, nimeokoa 495,600.

Haya. Halafu ofa ya kwanza ilipokuja haikuwa hata hiyo milioni 9. Mthamini wao alisema bei ya soko ya gari yangu kabla ya ajali ni milioni 7.5, kwa sababu ya umri, ni ya 2005. Hapo ndo nilisimama. Nilikusanya matangazo ya IST za kuuza, mwaka ule ule, injini ile ile, kilomita zinazokaribiana, zikafika kumi na moja, nikazichapisha zote na tarehe zake, nikaweka na risiti za matengenezo yangu ya miaka mitano, tairi mpya nne za mwezi wa tano, betri, nikaandika barua ya ukurasa mmoja bila matusi bila kulia, kwamba hii ndo bei ya soko, naombeni mnitumie tangazo hata moja la IST ya namna hii kwa milioni 7.5 nikainunue mimi kesho. Walichukua wiki moja na nusu. Wakajibu wamekubali milioni 9 kamili, ambayo ndo mwisho wao kwa mujibu wa mkataba, hawawezi kwenda juu ya pale nilipoandika mwenyewe. Kwa hiyo ofa ya kwanza siyo neno la mwisho, na mtu asikubali kwa sababu amechoka, wanajua umechoka. Ila pia barua yangu yenye bei za milioni 13 haikunisaidia kitu juu ya 9. Ilifika pale ikagonga ukuta niliojenga mimi.

Kuna eksesi, ile sehemu ya dai unayoibeba mwenyewe. Kwangu ni asilimia 10 ya dai, laki tisa, inakatwa hata kama kosa siyo lako. Nikauliza, mimi nimesimama kwenye foleni nikagongwa, kwa nini nikatwe. Jibu ni kwamba eksesi ni yako daima, unaweza kumdai aliyekugonga, na aliyenigonga hana bima na tajiri wa fuso simu yake haipatikani tangu mwezi wa tisa. Kampuni ikishanilipa inachukua haki ya kumfuata yule tajiri kwa hela zake, mimi za kwangu nifuate mwenyewe mahakamani. Sijafuata. Wakili aliniambia gharama nikaona bei ya kisu inamzidi kuku.

Wakaniuliza pia kama nataka mabaki, watanikatia milioni 2.8 nibaki na gari. Fundi alitaka, alinisihi kabisa. Nilifikiri siku mbili. Nikichukua mabaki nabaki na milioni 5.3 na gari ya kutengeneza kwa 6.2, au tuseme 5 kwa spea mtumba, na gari ambayo ikitoka hapo bima kubwa huenda nisiipate tena kirahisi maana imeshafutwa kwenye vitabu vyao. Na ukweli mwingine ni kwamba nisingeweza kumpandisha mwanangu pale nyuma. Nikasema chukueni. Nikapeleka kadi halisi, funguo zote mbili, nikasaini fomu ya kuhamisha umiliki.

Kabla ya hela kuna karatasi ya mwisho inaitwa dischaji vocha, unasaini kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho na huna dai lingine. Niliisoma mara ngapi sijui. Ukishasaini mjadala umeisha, kwa hiyo kama una ubishi ubishie kabla ya hapo. Na kama kampuni inakuzungusha, mjue kampuni zinatakiwa kulipa ndani ya siku 45 nyaraka zikikamilika, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambako mwananchi anapeleka lalamiko lake bila kulipia. Mimi sikufika huko. Niliandika tu barua pepe siku ya thelathini nikiuliza kwa heshima siku 45 zangu zinaishia tarehe ngapi kwa hesabu zao, na siku ya thelathini na nane milioni 8.1 ikaingia. Kuanzia Vigwaza hadi siku hiyo ni miezi minne na siku kadhaa.

Miezi minne bila gari huku unakaa Mbezi. Saa kumi na moja kasoro nje, daladala hadi Kimara, mwendokasi umesimama hadi Kivukoni, mtoto nimemlipia gari ya shule ambayo haikuwa kwenye bajeti, akiumwa usiku natafuta bajaji. Hizo hela hakuna mkataba wa bima niliokuwa nao unaozilipa. Nilizijumlisha mara moja nikaacha.

Pale ofisi ya madai siku moja nilikaa benchi moja na baba mmoja mtu mzima, shikamoo yangu aliitikia kwa sauti ya chini sana. Mkononi ana mkataba wa mauziano umekunjwa hadi umeanza kukatika kwenye mikunjo. Gari yake imeungua. Alinunua kwa mtu miaka sita iliyopita, wakaandikishana kwa mjumbe, kadi ikabaki na jina la yule muuzaji kwa sababu kubadili umiliki ni gharama na kila mtu alikuwa anafanya hivo. Bima amelipa yeye kila mwaka, bila kukosa. Sasa wanataka mwenye jina kwenye kadi aje asaini, na mwenye jina ameshafariki na watoto wake hawaelewani. Alinionyesha risiti zake za bima zote, kazibana na pini moja ya nguo. Nilipoitwa dirishani nikaenda, niliporudi ameshaondoka. Sijui mwisho wake na huwa namkumbuka kila nikiona kadi ya gari.

Kutafuta gari na milioni 8.1 wakati gari yako ile ile ni 13, hapo ndo unajua umepoteza nini. Kuagiza niliangalia kwanza. Kile kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kinakupa kodi kwa thamani wanayoijua wao, siyo uliyonunulia wewe, halafu ushuru wa forodha asilimia 25, na gari ikizidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30, na VAT juu ya yote hayo. IST ya 2005 ukiiagiza leo kodi inaizidi gari. Nikafunga ile kurasa.

Nikazunguka na fundi wangu Jumamosi tano. Tabata tulikuta IST nzuri, nyeupe, milioni 9.5, namba D, ndani safi, mwenyewe anasema ya mama mtu mzima alikuwa anaendea kanisani tu. Moyo ulinidunda kwa furaha nisiwafiche. Fundi hakusema kitu, alifungua buti akanyanyua kapeti, akanyanyua na kile kibao cha juu ya spea tairi, akanishika mkono akapitisha vidole vyangu pale chini. Nikagusa mstari. Mrefu, wenye vinundu, umepakwa rangi juu. Akaninong'oneza, imegongwa nyuma, imechomelewa. Hapo hapo ambapo yangu iligongwa.

Nilisimama pale yadi na vidole vyangu juu ya ule mshono nikaelewa yangu iko wapi. Mabaki yanauzwa kwa tenda, anayeshinda anachomelea, anapaka rangi, anaweka tangazo, na atakuja dada mwingine na hela zake za SACCOS na hana fundi wa kumshika mkono. Nyumbani niliandika barua pepe kwa kampuni nikauliza gari yangu ikiuzwa itaandikwa mahali popote kwamba ilifutwa, mnunuzi ataonaje. Nilijibiwa kwamba mnunuzi wa mabaki anapewa nyaraka za mabaki. Huyo wa kwanza, sawa. Wa pili je, na wa tatu? Hili mimi naona ni jambo la kurekebishwa na haraka. Tumeshaweza kuweka stika za bima kwenye mfumo mtu anahakiki kwa simu akiwa barabarani, basi namba ya chasisi ya gari iliyofutwa nayo ionekane pale pale. Ni maisha ya watu yanakaa kwenye ule mshono.

Mwisho nilipata Passo, cc 996, ya mwalimu mmoja Goba, milioni 10.2. SACCOS ya kazini ilinipa 2.5 kuongezea. Kabla ya kutoa hela niliangalia namba yake kwenye mfumo wa faini za trafiki, ilikuwa na deni la elfu sitini akalilipa mbele yangu, fundi akanyanyua kapeti zote, tukaandikishana kwa wakili, na nikamwambia mwalimu samahani lakini hela ya mwisho naitoa umiliki ukiwa umeshabadilika. Ushuru wa stempu asilimia moja, elfu hamsini ya uhamisho, elfu kumi ya kadi. Mwalimu alikasirika kidogo akaona simuamini. Nikamsimulia yule baba wa benchi na akanyamaza akasaini.

Kisha nikampigia broka. Yule yule, sikumbadilisha, tumeongea na yeye amejifunza pia. Ila mazoea yana nguvu maana aliniuliza, dada thamani tuweke ngapi, tukiweka 8 utaokoa kama laki moja na elfu tatu hivi. Nilikuwa nimeshakusanya matangazo ya Passo kumi na mbili asubuhi ile, yamo kati ya 10 na 11. Nikamwambia andika 10.5. Na mwakani usinipigie kuniuliza mpaka nimeangalia bei. Akasema sawa, ni 433,650 na VAT. Nikalipa, stika ikaja kwenye simu, nikaenda kukaa ndani ya gari na kadi mapajani nikawa nahakiki namba ya chasisi herufi moja moja, kwa sauti, na mwanangu kiti cha nyuma anaitikia.